Benchi la Dirishani

Kwa miaka kadhaa baada ya Mapinduzi kazi yangu ilikuwa kupima watoto. Mwanamke akifika kliniki ya mama na watoto, akishavua viatu mlangoni na kugombana kidogo na mwenzake juu ya nani katangulia, mikono ya kwanza kumpokea mwanawe ilikuwa yangu. Nilimvua nguo, nikamlaza kwenye beseni la mizani, nikasogeza chuma mpaka mizani itulie, kisha nikamtajia muuguzi uzito kwa sauti ya chini. Ilibidi iwe chini. Mtoto akiwa mnene, mama yake anaogopa jicho. Akiwa mwembamba, anaogopa midomo. Mimi mwenyewe mdomo ninao, wala sijifichi, lakini pale kwenye mizani nilijifunza kunong'ona.

Kliniki ilikuwa Mji Mkongwe, katika nyumba ya ghorofa ambayo mwenyewe aliondoka, au aliondoshwa. Siku zile mtu hakuuliza. Chini, palipokuwa duka, wanawake walikaa kungoja. Juu walipimwa wajawazito. Walikuja wa mjini na wa mitaa ya Ng'ambo, na wengine walitoka shamba alfajiri. Tulichanja, tulisafisha vidonda, tulifundisha kuchemsha maji, tulitoa maziwa ya unga. Maziwa yale yalikorogwa hapo hapo na mtoto akayanywa mbele yetu, kwa sababu makopo ya kliniki yalikwisha kuonekana sokoni.

Na yalihitajika. Mchele ulikuwa wa foleni, unga wa foleni, sukari ya foleni. Watu walirudi kwenye muhogo, asubuhi muhogo na jioni muhogo, na mtoto akiachishwa ziwa alipewa uji wa muhogo. Muhogo unashibisha lakini haujengi mwili. Tukaanza kuletewa watoto wenye matumbo makubwa na miguu isiyobeba kitu, nywele zimepauka mpaka zinaelekea wekundu. Nikiwaweka kwenye beseni napandwa na hasira, na hasira yenyewe sina pa kuipeleka. Huwezi kuigombeza foleni, hasa foleni ile.

Mkuu wetu alikuwa muuguzi tuliyemwita Sista, mtoto wa hapa hapa mjini aliyekwenda kusomea nje akarudi. Alikuwa mwembamba, msafi kupindukia, na moyo wake ulikuwa mzuri. Hilo nalisema mapema kwa sababu mbele huko nitamsema vibaya. Yeye ndiye aliyeamua kwamba watoto waliokonda wasingoje zamu. Aliweka benchi moja chini ya dirisha kubwa, linaelekeana na watu wote waliokaa, na kila niliyemkuta na uzito mdogo nilimwambia mama yake akakae pale. Wa benchi lile walionwa mwanzo na walikunywa maziwa mwanzo.

Kwa mtu wa kwingine jambo hili halina ubaya. Kwetu lilikuwa msiba, na sababu yake ni kubemenda. Mwanamke anaponyonyesha hutakiwa ajizuie na mwanamume. Asipojizuia, na hasa akitoka nje ya ndoa, watu husadiki kwamba maziwa yake yanaharibika na mtoto anadhoofu: miguu inalegea, kitako kinakwisha, tumbo linavimba. Mtoto huyo husemwa kabemendwa, na aliyembemenda ni mama yake. Basi Sista aliwachukua wanawake wote ambao watoto wao wana dalili hizo, akawapanga mstari mmoja penye mwanga, wenzao wakawaangalia. Haikupita wiki benchi likapata jina. Wakaliita benchi la kubemenda. Haikupita wiki nyingine likaanza kuwa tupu.

Nilikwenda kumwambia. Nilidhani hajui.

"Nnajua," alinijibu. "Nimezaliwa hapa, bemenda nimeisikia tangu mdogo. Ndiyo maana sitaki wajifiche. Wakae pale pale, watu wawaone wanapona kwa maziwa. Wakishaona kwa macho yao, upuuzi huu utakwisha."

"Sista, kabla hawajapona watakuwa washaachwa."

"Wataelewa. Kidogo kidogo."

Hoja yake ilikuwa nzuri. Hata mimi nusu yangu ilimkubali. Maziwa yangeponya, watu wangeona, na kinachoonekana hakibishiwi. Ndivyo tulivyofikiri, mimi na yeye, wanawake wawili wenye akili zao.

Sasa nije nyumbani. Nilikuwa na mdogo wangu wa kiume, fundi seremala, na mkewe, yaani wifi yangu, alikuwa msichana wa Makunduchi. Walikaa Kikwajuni kwa mama yetu, nyumba ya udongo yenye ua wa makuti, na mtoto wao wa kwanza, wa kiume. Mimi nilikuwa nimeolewa nyumba ya tatu kutoka pale, kwa hiyo maneno ya ua ule yalikuwa yangu pia. Mtoto hajaanza hata kukaa, mdogo wangu alisema neno barazani juu ya foleni ya mchele. Neno lenyewe sikulisikia na sijui kama lilikuwa na uzito wowote. Jioni ile ile gari lilisimama njiani, wakashuka wanaume wawili, wakamwambia avae shati. Hatukuambiwa kapelekwa wapi wala kwa muda gani. Mama alisimama mlangoni na shati la pili mkononi, akidhani watampa nafasi ya kuchagua.

Tangu siku ile wifi yangu alikauka. Chakula kilikuwa kidogo, na kidogo hicho hakimshuki. Ziwa likapungua, likakatika. Mtoto akatiwa kwenye uji wa muhogo kabla ya wakati wake, na kabla hajatimiza mwaka miguu yake ilikuwa imelegea, na nilipopitisha kidole kwenye unywele wake ulikatika bila kuvutwa. Nilikuwa nimeona wengi wa namna ile. Nilijua ni nini, na nilijua dawa yake iko katika kopo, mwendo mfupi kutoka pale tulipokaa.

Nikamleta wifi kliniki mwenyewe. Nilimpima mtoto, nikataja uzito kwa kunong'ona, na Sista, aliyekuwa karibu, akanyoosha mkono kuelekea dirishani. Wifi alitazama benchi lile, akanitazama mimi. Alikwenda akakaa. Mtoto alikunywa kikombe kizima bila kushusha pumzi.

Wakati tunarudi Kikwajuni, habari ilikuwa imetutangulia. Mama alikuwa ameketi kibarazani, hajatandika hata mkeka.

"Kakaa benchi lile?" aliniuliza mimi, kama kwamba wifi hayuko.

"Kakaa. Mtoto ana njaa, Mama."

"Watoto wa mtaa huu wote wana njaa. Mbona wengine miguu yao imara? Mume hayupo tangu mtoto hajakaa kitako. Kambemenda na nani?"

Wifi aliapa. Aliapa kwa Mungu na kwa mtoto mwenyewe. Mama akamwambia, "Lisemwalo lipo, na kama halipo laja," akaingia ndani.

Nataka nimseme mama yangu kwa haki, ingawa bado nina kinyongo naye. Alikuwa amechukuliwa mwanawe mbele ya macho yake, na waliomchukua hawalaumiki. Hata kuwataja ilikuwa hatari. Hasira yake ilitafuta mtu wa kukaa juu yake, ikamkuta mkaza mwana, mgeni, hana ndugu mjini. Nilimwelewa. Kuelewa hakukunizuia kumchukia kwa siku nyingi.

Akapiga marufuku. Mjukuu wake hakai tena kwenye benchi la aibu, si na mama yake wala na mimi. Nikaanza kuiba. Nilikoroga maziwa kazini, nikayatia kwenye chupa ya soda, nikayaficha ndani ya buibui. Ilikwenda siku chache, mtoto akaanza kufumbua macho vizuri, kisha Sista akanikamata na chupa mlangoni.

"Leo umechukua wewe kwa sababu ya wifi yako," alisema. "Kesho atachukua mwengine kwa sababu ya duka lake. Mwambie mama yake amlete. Benchi liko wazi."

"Mwache basi akae pengine. Mpe kikombe huko nyuma, jikoni."

"Nikimficha mmoja, nimewaambia wote kwamba wana haki ya kuona haya."

Alisema kweli, na kweli yake ilikuwa inamuua mtoto wa ndugu yangu. Niliondoka bila kumuaga. Sijutii ile chupa. Ninachojutia ni kwamba sikuificha vizuri zaidi.

Mtoto akarudi nyuma. Sasa hata kulia hakuweza sawasawa. Alikuwa anafungua mdomo na sauti inachelewa. Ndipo Mama, ambaye kwa njia yake alimpenda mjukuu kuliko roho yake, akamwita bibi mmoja wa mtaa wa pili aliyekuwa akiogesha watoto dawa ya kubemenda. Alikuja alasiri na fungu la majani kwenye kikapu na karai lake mwenyewe. Tulikaa uani sisi wanne na mtoto. Bibi alimgeuza mtoto, akamminya paja, akatikisa kichwa.

"Huyu kabemendwa, hapana shaka," alisema. "Lakini dawa yangu haishiki mpaka mwenye kufanya akiri. Nikimuogesha na mama kanyamaza, ntakuwa nnamuosha maiti."

Mama akamgeukia wifi. "Umesikia?"

Wifi alikuwa kampakata mtoto, kanga kaifunga kifuani. Mimi nilikuwa nimeshafungua mdomo kuwatukana wote wawili, nikaona anamtazama Mama usoni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu aolewe.

"Mama," alisema. "Nikikiri, mtaniachia nende nae kliniki? Kila siku, nikakae pale benchini?"

"Ukikiri, nini tena kitakachofichwa? Aibu ishafika. Nenda utakako."

"Basi nimefanya."

"Na nani?"

"Na mtu."

"Mtu gani?"

"Mpita njia. Simjui jina."

Nikaruka. "Muongo! Mama, msichana huyu muongo, hajatoka ua huu hata kwenda kuazima chumvi! Mnamuona kwa macho yenu anadanganya ili mtoto anywe maziwa!"

"Nyamaza we," Mama aliniambia. "Mtu hujisingizia zinaa?"

Nilimtazama wifi aniunge mkono. Aliinamisha kichwa, akamfungua mtoto nguo, akamkabidhi bibi kwenye karai. Maji yalikuwa ya kijani na yananuka uchungu. Mama analia, bibi anasoma dua, wifi hakutoa chozi. Nafikiri alikuwa tayari yuko njiani anakwenda kliniki.

Asubuhi yake nilipofika kazini nilimkuta ameketi kwenye benchi la dirishani, peke yake. Wanawake walikuwa wameacha nafasi kubwa kati yao na yeye. Mmoja alimwita mwanawe aliyekuwa anatambaa upande ule. Wifi alimnywesha mtoto kikombe, akamfuta mdomo, akaomba cha pili. Alifanya hivyo kila asubuhi, na mchana alirudi tena. Njiani Kikwajuni watoto walimzomea, na wanawake aliokuwa akichota nao maji walimpisha bombani ili wasigusane. Alikuwa hasemi na mtu. Mimi nilikaa naye nikipata nafasi, tukaongea mambo ya mtoto tu.

Na mtoto akapona. Naliandika neno hili na hata sasa mwili unanisisimka. Kwanza tumbo lilipungua, kisha akaanza kulia kwa sauti yenye hasira, sauti nzuri kuliko adhana kwangu siku zile, Mungu anisamehe. Mashavu yakarudi. Kabla ya Ramadhani alikuwa anasimama kwa kushika ukingo wa benchi, na Sista akawaonyesha wanawake wote.

"Mnamuona? Mlimuona alivyokuja? Nini kimemponya?"

Wanawake waliitikia kwa vichwa. Sista alinitazama kwa furaha, na mimi pia nikafurahi. Nilikwenda nyumbani mbio siku ile, nikamsimamia Mama mbele.

"Haya, kapona. Kapona kwa maziwa ya kopo. Bemenda gani inaponywa na maziwa? Sasa umuombe radhi mkaza mwanao."

Mama alinitazama kwa huruma, ndiyo, kwa huruma, kama anavyotazamwa mtu mjinga.

"Maziwa alikuwa akiyanywa hata kwenye chupa yako," alisema. "Unadhani sikuiona? Hakupona. Kapona alipokiri mama yake. Kama asingefanya, kukiri kungemponyaje?"

Nilikaa chini pale pale. Kile kitu tulichokingoja mimi na Sista, watu waone kwa macho, walikiona. Walikiona vizuri kabisa. Habari ikapita mitaani kwamba mtoto wa fundi seremala alikuwa kaburini, mama yake akakiri, akafufuka. Wakwe wakaanza kuwaambia wakaza wana wao: kiri, mtoto apone. Benchi likajaa tena. Sista aliona limejaa akashukuru kwamba watu wameanza kuelewa. Nilimwambia yaliyolijaza. Hakunisadiki, au hakuweza. Baadaye alihamishiwa Pemba, na benchi likabaki pale pale kwa sababu aliyekuja hakuona sababu ya kuliondoa.

Mdogo wangu alirudi mfungo sita, mwezi wa Maulidi, mchana, kwa miguu. Aliingia uani akasimama, na mtoto aliyekuwa akicheza na kifuu akamkimbia, maana hamjui. Alikuwa amekonda kuliko mtoto alivyokonda. Wifi alikimbilia jikoni kumtilia maji ya kuoga. Mama hakungoja hata aoge. Alimwita chumbani, akamwambia.

Alinifuata kliniki siku ya pili, nimefunga mizani natoka. Tulisimama kwenye kichochoro, mgongo ukutani, tuwapishe wapitao.

"Dada," aliniuliza. "Kweli?"

Nikamwambia yote: foleni, muhogo, ziwa, benchi, chupa, karai. Nilimwambia maneno ya wifi moja moja. Nilimwambia kwamba kama angemkuta mwanawe kaburini, basi mkewe angekuwa bado na jina zuri. Alisikiliza na uso umeelekea chini. Nilipomaliza alikuwa analia, na mimi pia.

"Nakusadiki," alisema. "Tangu Mama anasema nlijua si kweli. Namjua mke wangu."

Nilimshika mkono. Nilisema alhamdulillahi kwa sauti, mpaka mtu mmoja akageuka.

"Lakini ntakaa nae vipi, dada? Ntatoka vipi pale barazani? Mimi nshatoka huko nilikotoka, watu wananiangalia upande. Niongeze na hili?"

"Si umesema unasadiki?"

"Nasadiki mimi. Mji hausadiki."

Nilimtukana matusi ambayo dada hamtukani ndugu yake. Alimpa talaka siku ile ile baada ya Isha, mbele ya mashahidi wawili, kwa upole, na alimuomba radhi. Mtoto, kwa kuwa ni wa kiume na ziwa kashaacha, Mama alisema abaki kwa baba yake. Mtu wa shamba asiye na jina hawezi kushindana na nyumba ya mumewe, na wifi hakushindana. Alimvisha mtoto, akamlisha, akangoja alale ndipo akatoka.

Nilikaa nalo moyoni mwezi mzima, nikaona haifai. Nikasema angalau ajue. Mtu aliyepoteza kila kitu angalau ajue kwamba mumewe hakumdhania ubaya. Nikapanda gari la Makunduchi na kanga mpya ndani ya mfuko. Nilimkuta pwani na wanawake wengine, wanapiga makumbi ya nazi wapate nyuzi za kamba, ile harufu ya makumbi yaliyooza imejaa mahali pote. Aliponiona alisimama, akafuta mikono, akanikumbatia. Mikono yake ilikuwa imepasuka. Aliuliza mtoto anakula nini, nikamwambia. Aliuliza nani anamuogesha, nikamwambia. Tukakaa pembeni juu ya mchanga.

"Wifi," nikasema, "kuna neno nimekuletea. Mumeo anakusadiki. Kaniambia mwenyewe kwa mdomo wake. Tangu mwanzo alijua hukufanya."

Nilingoja afurahi. Alichukua kumbi moja, akalipiga, akalipiga tena, akaliweka chini.

"Ungeninyamazia, wifi," alisema. "Nlikuwa nshamsamehe, kwa kudhani hajui."